Kitanzi cha Mkondo: Data Inavyosafiri Mbali kwa Nyaya Mbili

Kitanzi cha mkondo ni njia ya kutuma data biti moja baada ya nyingine kwa kupitisha na kukata mkondo wa umeme katika nyaya mbili. Miliampea 20 zikipita, mpokeaji husoma 1. Mkondo ukikatika, husoma 0. Njia hii ilitumiwa sana na teleprinta: nyingi za zamani zilihitaji miliampea 60, na baadaye 20 zikawa kawaida.

Pasipo data, mkondo hupita mfululizo. Herufi inapoanza, mtumaji huukata kwa muda wa biti moja, hutuma biti za herufi, kisha huurudisha. Kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, kila biti huchukua takribani milisekunde 3.3. Kwa hiyo waya ukikatika hujulikana upesi, maana mkondo hupotea usirudi.

Buna, katika kaunti ya Wajir, ni nchi kame ambako maji ya watu na mifugo ni jambo la uhai, na kisima kirefu huweza kuwa mbali na mahali pa kukisimamia; kwa umbali kama huo kitanzi cha mkondo hufaa. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 0.5, yenye urefu wa kilomita 1, ina ukinzani wa karibu omu 70 kwenda na kurudi. Miliampea 20 hupoteza humo volti 1.4 tu. Chanzo cha volti 24 huimudu hasara hiyo kwa urahisi, na mkondo unaofika ni ule ule ulioondoka. Mawasiliano ya RS-232, yanayopima volti, kwa kawaida hukadiriwa kufaa mita 15 hivi.

Ndugu wa njia hii ni kipimo cha miliampea 4 hadi 20, kinachotumiwa na vihisi vya kina cha maji: 4 ni tangi tupu, 12 nusu, 20 limejaa. Sifuri si tangi tupu, ni hitilafu, na tofauti hiyo huokoa pampu.

Fundi ahakikishe upande mmoja tu ndio unaotoa umeme wa kitanzi. Pande zote mbili zikisubiri kupewa, hakuna kinachopita. Zote zikitoa, vifaa huweza kuharibika. Mpokeaji mzuri hutenganishwa na waya kwa taa ndogo na transista inayohisi mwanga wake, ili tofauti ya volti kati ya ardhi za pande mbili isivuke. Utengano huo hauizuii radi. Kebo ndefu ya nje huhitaji pia vikinga radi katika ncha zote mbili.