Utando Mweupe Mdomoni

Mwezi huu tuangalie utando mweupe unaotokea kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Unafanana na maziwa yaliyoganda, lakini ukiufuta, chini yake huonekana wekundu, pengine na damu kidogo.

Chanzo chake ni fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Kandida. Wengi wetu tunaye mdomoni na tumboni, wala hatudhuru, kwa kuwa mwili una walinzi. Kwanza, bakteria wema humnyima nafasi na chakula. Pili, mate na ngozi laini ya mdomo humzuia asipenye. Tatu, akianza kuota nyuzi ili apenye, ngozi hiyo hutoa ishara, na chembe nyeupe za damu huja kummeza na kumwua. Chembe ziitwazo CD4 ndizo wapiga mbiu: huwaita askari hao na kuwaongezea nguvu.

Mlinzi mmoja akidhoofika, fangasi huongezeka. Kinga ya mtoto mchanga haijakomaa. Antibiotiki huua bakteria wema pamoja na wabaya. Kisukari kisichotibiwa humlisha fangasi na kulegeza askari. Virusi vya Ukimwi huangamiza chembe za CD4. Mbiu isipopigwa, askari hawaji.

Tufanye nini?

Mtoto mchanga asisuguliwe mdomo kwa kitambaa. Apelekwe zahanati apewe dawa ya matone, kama nistatini. Mama aendelee kunyonyesha. Chuchu zake zikiuma, watibiwe wote wawili, maana huweza kuambukizana.

Mtu mzima akipata utando huu bila sababu inayojulikana, au ukimrudia mara kwa mara, apime sukari na virusi vya Ukimwi. Akisikia maumivu anapomeza, asikawie kwenda hospitali, kwani huenda fangasi wameshuka kooni. Dawa ya fangasi huondoa utando, lakini chanzo kikibaki, utarudi. Mwenye virusi akimeza ARV kila siku, chembe za CD4 huongezeka tena, na walinzi hurudi kazini.

Tukumbuke: utando huu si hukumu. Wengi wanaoupata hawana virusi, na kipimo pekee ndicho kinachotoa jibu. Basi tukimwona ndugu yetu anao, tusinong'one pembeni. Tumsindikize akapime.