Nyasi za Rhodes: Akiba ya Mfugaji Wakati wa Kiangazi

Kila mfugaji ajua jinsi kiangazi kinavyoweza kumfilisi mtu. Ng'ombe aliyenenepa wakati wa masika hubaki mifupa na ngozi, na mwenyewe hulazimika kumwuza mnadani kwa bei yo yote atakayotajiwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na hata kufikia mwaka 2023 mifugo zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekufa, hasa kwa kukosa malisho na maji. Kwa sababu hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyasi ambazo wengi huzikanyaga bila kuzijua.

MMEA WENYEWE

Wataalamu huziita Chloris gayana, nasi twaziita nyasi za Rhodes. Asili yake ni Afrika, nazo humea zenyewe katika mbuga za wazi, kando ya mito na katika mashamba yaliyoachwa. Kimo chake ni futi 3 hadi 5. Kichwani hutoa masuke membamba, mara nyingi 6 hadi 15, yanayotoka mahali pamoja kama vidole vya mkono, au kama mabawa ya mashine ya upepo ivutayo maji kisimani. Jina la Rhodes lilitokana na Cecil Rhodes, aliyezipanda katika shamba lake huko Cape karibu na mwaka 1895. Lakini ng'ombe wa Afrika walikuwa wakizila kabla yeye hajazaliwa.

Mashina yake mengine hutambaa kama viazi vitamu, na kila kifundo kigusapo udongo hutoa mizizi. Mizizi hiyo huenda chini sana kutafuta maji, tena huushika udongo usichukuliwe na mvua. Basi nyasi hizi hulisha ng'ombe na kulinda shamba pia.

MAHALI PANAPOFAA

Hustawi tangu pwani hata nchi yenye urefu wa meta 2,000 na zaidi, mahali penye mvua ya milimeta 600 au zaidi kwa mwaka. Huvumilia udongo wenye chumvi kidogo, lakini hazipendi kivuli wala udongo mchungu sana. Penye mvua haba kuliko hiyo, afadhali kupanda ndugu yake, Chloris roxburghiana, ambayo imetumiwa kurudisha malisho katika nchi kavu ya Ukambani.

Huko Kitale, ambako Kenya Seed Company ilianzishwa mwaka 1956, mbegu bora za nyasi zimechaguliwa kutoka nyasi za porini. Majina ya Mbarara, Masaba na Pokot yaonyesha mahali zilikotoka. Aina iitwayo Boma yajulikana sana kwa wakulima.

KUPANDA

Lima shamba mapema, uvunje madongoa mpaka udongo uwe laini, kwa maana mbegu ni ndogo mno: kilo 1 ina mbegu milioni 3 hivi. Mbegu zilizovunwa karibuni hazioti vizuri. Zikae ghalani miezi michache kwanza. Kilo 4 zatosha eka moja. Kwa kuwa ni nyepesi na hupeperuka, zichanganye na mchanga mkavu, kisha uzimwage katika mistari mvua zianzapo. Zifunike kwa udongo kidogo tu kwa kukokota tawi la mti juu yake. Ukizifukia kwa kina cha kupandia mahindi, hutaona kitu. Tia samadi iliyooza vizuri, palilia magugu, na usiingize ng'ombe mpaka nyasi zimeshika mizizi, yaani baada ya miezi minne hivi au zaidi.

KUKATA NA KUWEKA

Hapa ndipo wengi wakosapo. Mtu huona nyasi zinazidi kurefuka, akangoja ili apate nyingi. Lakini zikiwa changa, chakula cha kujenga mwili huweza kuzidi sehemu 15 katika 100. Zikizeeka hushuka hata chini ya 5. Ng'ombe atajaza tumbo na kukonda vile vile. Kata wakati karibu nusu ya nyasi zimetoa maua.

Anika siku mbili au tatu, ukigeuza. Kisha funga marobota kwa kushindilia nyasi katika sanduku la mbao, na kuyapanga juu ya miti, chini ya paa. Wazee walisema akiba haiozi, lakini nyasi zilizofungwa kabla ya kukauka huoza, na hata huweza kupata moto na kuwaka zenyewe.

HESABU YA KIANGAZI

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 hula kilo 10 hivi za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 900, yaani marobota 60 ya kilo 15. Hesabu ng'ombe zako, kisha hesabu marobota yako. Ng'ombe wa maziwa aongezewe lusini au desmodiamu, kwani nyasi peke yake hazimtoshi.

Ikiwa hesabu hazilingani, uza ng'ombe mmoja au wawili wakati wangali wanono, nawe utapata bei njema. Anayengoja mpaka mbuga ziwe vumbi, bei yake hupangwa na mnunuzi.