Uluguru kwa Jumapili moja, ukitokea Msimbazi

Duka umeshafunga, hesabu ziko sawa, Jumapili ni yako. Nenda milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Mto Ruvu unaolisha mabomba ya Dar es Salaam huanzia kwenye milima hiyo, kwa hiyo umekuwa ukiinywa kabla hujaiona.

Anza na tiketi. Kata ya treni ya SGR hadi Morogoro kwenye tovuti ya shirika la reli, TRC, siku kadhaa kabla, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Chukua treni ya mapema kabisa, urudi na ya jioni. Beba kitambulisho. Kutoka Msimbazi, Kariakoo, hadi stesheni ni bodaboda ya dakika chache, lakini ukaribu usikudanganye. Fika saa nzima kabla, kwa sababu mageti yakishafungwa hakuna wa kumbembeleza.

Safari ni kama saa mbili. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji. Patana bei ya bajaji kabla hujakaa.

Tafuta mwongozaji kabla ya siku yenyewe. Chilunga, shirika la utalii wa utamaduni la pale mjini, ni pa kuanzia. Usimwone mwongozaji kama gharama ya ziada. Njia zinapita katikati ya mashamba ya watu, na ukitaka kuingia msituni kuna kibali cha hifadhi. Yeye anajua pa kubisha hodi.

Lenga Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani. Kupanda kwa miguu kutoka mjini ni saa mbili hadi tatu, kwa mwendo wa mtu wa kawaida. Kilele cha Bondwa, chenye zaidi ya mita 2,000, kiachie safari ya kulala. Vaa viatu vyenye meno, beba sweta na maji. Machi hadi Mei usiende. Mvua za masika hugeuza udongo kuwa sabuni.

Sasa, wenyeji. Hapa usikimbie. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi ardhi hushikwa na ukoo huo. Muulize mwongozaji shamba mnalopita ni la ukoo gani na mjomba ana sauti gani ndani yake. Utapata hadithi nzuri kuliko picha yoyote. Mwulize pia kuhusu mwaka 1955, Waluguru walipoukataa kwa ghasia mpango wa wakoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi. Ukitazama ule mteremko, utaelewa hasira ilitoka wapi.

Ukikutana na mzee, shikamoo kwanza, simu baadaye. Picha omba.

Ukinunua ndizi kwa mama wa njiani, usimbane bei kama uko Mtaa wa Kongo. Ameshuka nazo kichwani.

Saa nane mchana anza kushuka, hata kama miguu bado ina hamu. Ukiwa na muda, pitia Soko Kuu la Chifu Kingalu, lenye jina la watawala wa jadi wa Waluguru. Nunua kinachoenea mkononi tu. SGR ina kikomo cha mizigo, na kwa gunia la njegere hawatakuelewa.

Treni ikikuacha, nenda stendi ya Msamvu upande basi. Litakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na hapo utatafuta daladala ya Kariakoo.