Vitafunio Bora vya Simbilisi

Umekwisha kujifunza kwamba wanyama hawali chakula cha namna moja. Sasa tutamchunguza mnyama mdogo ambaye huenda unamfuga nyumbani kwenu.

Simbilisi ni mnyama gani?

Ukipita katika mitaa ya Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, huenda ukasikia sauti nyembamba ikitoka jikoni au bandani. Hiyo ni sauti ya simbilisi wanaoomba majani. Simbilisi ni mnyama mwenye manyoya, masikio mafupi na miguu mifupi, wala hana mkia unaoonekana. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Siku hizi hufugwa pia katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwa ajili ya nyama na mbolea.

Chakula kingi, lakini mgonjwa

Fikiri kwamba ni mwezi wa Septemba. Mvua ilikwisha zamani na nyasi zimekauka. Mtoto mmoja anawapa simbilisi wake pumba za mahindi na ugali uliobaki. Chakula ni kingi. Hata hivyo, baada ya wiki chache simbilisi mmoja anaanza kuchechemea. Viungo vya miguu vimevimba, manyoya yamekuwa makavu, na sasa anakataa kula. Je, simbilisi huyo amekosa nini?

Amekosa vitamini C. Mbuzi, kuku na mbwa hutengeneza vitamini hiyo ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi kuitengeneza. Wewe pia huwezi. Ni lazima nyote wawili muipate katika chakula. Asiyeipata hupatwa na ugonjwa uitwao kiseyeye. Zamani ugonjwa huo uliwaua mabaharia wengi waliosafiri muda mrefu bila kula matunda wala mboga.

Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich, walieleza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, nao wakapatwa na kiseyeye. Waliopewa pia kabichi mbichi au maji ya limau walikingwa na ugonjwa huo. Hivyo mnyama huyu mdogo aliwasaidia binadamu kuelewa ugonjwa wao wenyewe.

Mlo na kitafunio

Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote. Asipotafuna nyasi nyingi, meno hurefuka kupita kiasi na kumzuia kula. Kwa hiyo nyasi, kama vile mabingobingo, ndizo mlo wake mkuu. Apewe nyasi na maji safi kila siku. Wakati wa mvua kausha nyasi kivulini, uziweke akiba ya kiangazi. Lakini kumbuka kwamba nyasi kavu hazina vitamini C ya kutosha. Hapo ndipo kitafunio kibichi kinapohitajika.

Jinsi ya kutengeneza kitafunio

Kwa simbilisi mmoja tafuta vitu hivi:
- matembele mabichi, kiasi cha kujaa kiganja chako;
- kipande kimoja cha pilipili hoho, karoti au pera lililoiva, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Wakati wa kiangazi utapata matembele katika bustani za bondeni, ambako udongo una unyevu.

Fuata hatua hizi:
1. Osha vitu vyote kwa maji safi, kisha kung'uta maji.
2. Kata vipande vidogo.
3. Changanya, kisha mpe simbilisi mara moja. Usiweke mpaka kesho, kwa sababu vitamini C hupungua.
4. Usipike. Joto huharibu vitamini C. Usitie chumvi, sukari wala mafuta.
5. Jioni ondoa mabaki yasije yakaoza.

Pera na karoti zina sukari. Usimpe kila siku, bali mara mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine tumia pilipili hoho.

Vitu vya hatari

Usimpe simbilisi vitu vifuatavyo:
- majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo, au viazi vilivyogeuka rangi ya kijani;
- majani mabichi ya muhogo;
- majani ya mparachichi na ya mnyonyo;
- vitunguu na maharage mabichi;
- pumba zenye ukungu, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu;
- majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu.

Usichanganye majani ya viazi vitamu, yaani matembele, na majani ya viazi mviringo. Ya kwanza ni chakula, ya pili yana sumu. Usipolijua jani, usilitoe bandani kama chakula. Muulize mwalimu au mtu mzima kwanza.

Kazi ya kufanya

Kwa siku tano, andika katika daftari lako majani uliyompa simbilisi, yaliyobaki, na jinsi alivyotembea. Kama hufugi simbilisi, mtembelee jirani anayefuga. Usifanye jaribio la kumnyima majani mabichi. Jaribio hilo lilikwisha kufanywa, na matokeo yake tunayajua.

Maswali

1. Kwa nini mbuzi hapatwi na kiseyeye kwa kukosa matunda, bali simbilisi hupatwa?
2. Kwa nini kitafunio cha simbilisi hakipikwi?
3. Taja majani mawili yanayofaa na mawili yenye sumu yanayopatikana karibu na kwenu.
4. Utamshauri nini mtoto yule aliyewapa simbilisi wake pumba na ugali tu?
5. Chunguza ulichokula jana. Je, ulipata vitamini C? Katika chakula gani?

Kumbuka: Shibe peke yake si afya. Mfugaji mwema hujaza tumbo la mnyama wake kwa chakula kinachomfaa.