Mkono unavyofundishwa kusikia mwendo wa mwili

Msomaji, ukisafiri asubuhi kutoka Kericho kuelekea Litein na Sotik, utawaona wachumaji wamezama kiunoni katika mashamba ya majani chai, vikapu mgongoni. Ukiwatazama kwa makini utagundua kwamba macho yao hayatui juu ya kila tawi. Vidole ndivyo vinavyochagua majani mawili na chipukizi. Lililo laini hukatika kwa wepesi, lililokomaa hukataa. Mgeni wa kazi hiyo huchanganya laini na gumu, na majani yake hukataliwa kwenye kituo cha kununulia. Akishazoea, vidole vyake hutambua bila yeye kufikiri.

Mkono wa tabibu nao hufundishwa vivyo hivyo. Katika somo la wiki hii tutaona jinsi unavyojifunza kuhisi miendo midogo ya mwili, na jinsi unavyoweza kumdanganya mwenyewe. Jambo hili linamhusu sana yule mchumaji mwenye kikapu, kwa sababu mgongo wake ndio aghalabu unaopelekwa kushikwashikwa.

OSTEOPATHIA NI NINI?

Osteopathia ni utabibu unaotumia mikono kuchunguza na kutibu mifupa, viungo na misuli. Uliasisiwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still, aliyetangaza fikra zake mwaka wa 1874 na kufungua shule katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, mwaka wa 1892. Siku hizi wahitimu wa fani hiyo nchini Marekani ni madaktari kamili, wanaoandika dawa na kupasua. Nchini Uingereza ni taaluma ya peke yake, iliyopewa sheria yake mwaka wa 1993. Hapa Kenya, mtaalamu wa mikono ambaye wengi wetu tutakutana naye hospitalini ni mwanafiziotherapia.

Wote hao huanza na somo moja, nalo ni kushika bila kukandamiza.

KWA NINI MKONO MWEPESI?

Ngozi ya ncha za vidole ina vipokezi vingi vya mguso. Vingine hutambua mgandamizo, vingine mtelezo, vingine mtetemo. Ukikandamiza kwa nguvu, taarifa ya mgandamizo hufunika zile nyingine, na misuli ya mkono wako yenyewe hukaza. Mpigo wa mshipa kwenye kifundo cha mkono ni mfano mzuri: ukiubonyeza sana hupotea, ukilegeza vidole hurudi.

Mwanafunzi pia hukatazwa kupima mpigo huo kwa kidole gumba. Kidole hicho kina mpigo wake unaosikika, na anaweza kuhesabu moyo wake akidhani anahesabu wa mgonjwa. Tafadhali likumbuke jambo hili, tutalirudia.

JARIBU NYUMBANI

Zoezi la kwanza ni la zamani katika shule za mikono. Ng'oa unywele mmoja, uweke juu ya meza, na uufunike kwa ukurasa mmoja wa gazeti hili. Fumba macho, uutafute kwa ncha za vidole. Ukiupata, ongeza ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Utaona kwamba mwenye papara haupati. Haraka haraka haina baraka.

Zoezi la pili ni la pumzi. Mwombe ndugu yako aketi juu ya kigoda akikupa mgongo. Weka viganja vyako kwenye mbavu zake za chini, kimoja kila upande, vidole gumba vikikaribia uti wa mgongo. Usisukume. Subiri dakika nzima. Akivuta hewa, mbavu za chini hufunguka kando na kuinuka kama mshikio wa ndoo, na vidole gumba vyako vitaachana. Akitoa hewa, vitarudi. Sasa jiulize: je, pande zote mbili zinatembea sawa? Je, upande mmoja unachelewa?

Zoezi la tatu watu wengi huliruka, nalo ndilo muhimu kuliko yote. Mtu wa tatu akae mbele, atazame tumbo la ndugu yenu na kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja ya saa. Wewe uhesabu kwa mikono, macho umefumba. Kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kusema. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mkikubaliana, mkono wako umeanza kujifunza. Msipokubaliana, rudieni.

MKONO UNAPODANGANYA

Kwa nini kuandika kabla ya kusema? Kwa sababu mkono husikia kile akili inachokitarajia. William Garner Sutherland, aliyesomea Kirksville, alifundisha kwamba mifupa ya fuvu hutembea kwa mdundo wa polepole ambao mkono uliozoea unaweza kuuhisi. Wengi waliofuata mafundisho hayo husema kwa moyo safi kwamba wanauhisi. Lakini katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 1994, wataalamu watatu walipima mdundo huo kwa watu 12 wale wale, na hesabu zao hazikupatana. Huenda kila mmoja alikuwa akisikia kitu kingine, pengine mwili wake mwenyewe, kama yule anayepima mpigo kwa kidole gumba.

Somo si kwamba mkono haufai. Mkunga hutambua kwa viganja kichwa cha mtoto kimelala wapi tumboni, na jibu lake huthibitishwa kwa kipimo cha picha au siku ya kuzaliwa. Mkono wa kuaminiwa ni ule unaokubali kupimwa.

MGONGO WA MCHUMAJI

Turudi Kericho na Bomet. Kubeba kikapu, kusimama kwenye miteremko na kujipinda kutwa nzima huuchosha mgongo. Jambo hili lilifika hadi mahakama za Scotland, ambako mwaka wa 2022 kundi la wachumaji wa Kericho liliruhusiwa kudai fidia kwa pamoja. Mwaka wa 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi hiyo ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe baada ya wiki chache. Mgonjwa asilale kitandani siku nzima. Atembee kidogo kidogo, amwage majani kabla kikapu hakijajaa pomoni, na ageuze miguu badala ya kupinda kiuno. Mikono ya mtaalamu inaweza kumsaidia kulegeza misuli.

Lakini kuna migongo ambayo haifai kukandwa wala kuvutwa na yeyote kabla daktari hajaiona. Nenda hospitali mara moja ukiona dalili hizi:

- miguu kulegea au kufa ganzi;
- ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka;
- maumivu baada ya kuanguka au ajali;
- maumivu yanayozidi usiku, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda.

Dalili hizo za mwisho zinaweza kuwa za kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hula mfupa polepole, na mfupa uliodhoofika ukisukumwa unaweza kuporomoka na kubana uti. Huonekana kwa picha na vipimo vya maabara, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Kwa hivyo, kabla ya kumpa mtu mgongo wako, au wa mama yako aliye mashambani, muulize maswali mawili. Je, amesajiliwa? Wanafiziotherapia wana baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. La pili: je, mkono wake ukisema jambo, ana njia gani nyingine ya kulithibitisha? Asiyekuwa na jibu, mshukuru kwa heshima, kisha umpeleke mgonjwa wako hospitali.