Shilingi, Kwacha na Mifano Iliyopitwa na Wakati: Kuhuisha Jeneriki katika Nyaraka za Python

Anayeandika programu ya hesabu za duka la mchele pale Kasumulu ana kazi ambayo mwenzake wa Dodoma hana. Wateja wanatoka pande zote mbili za Mto Songwe: huyu analipa kwa shilingi, yule aliyevuka daraja kutoka upande wa Karonga analipa kwa kwacha. Kompyuta haijui tofauti hiyo. Kwake 5,000 ni 5,000, na isipoambiwa itajumlisha fedha za nchi mbili na kutoa jibu safi kabisa, hadi jioni mwenye duka anapofunga mahesabu na kukuta hayalingani na fedha iliyomo kwenye droo.

Python ina dawa ya jambo hili, nayo ni jeneriki: aina ya data inayoachiwa nafasi ya kujazwa na aina nyingine. Debe ni debe, liwe la mpunga au la karanga. Cha kutaja ni kilichomo. Ndivyo ilivyo kwa klasi ya `Kiasi`: unaiandika mara moja, kisha unasema ni `Kiasi[Shilingi]` au `Kiasi[Kwacha]`. Programu ya kukagua aina, kama mypy au pyright, itakataa kuvichanganya kabla duka halijafunguliwa. Ni muhimu kuwaambia wanaoanza kwamba Python yenyewe haikagui aina hizi wakati programu inaendeshwa. Usipoiendesha mypy, kosa litapita.

Shida iko kwenye mifano. Nyaraka nyingi bado zinafundisha jeneriki kwa mtindo ulioletwa na PEP 484 mwaka 2015:

```
from typing import Generic, TypeVar

class Sarafu: ...
class Shilingi(Sarafu): ...
class Kwacha(Sarafu): ...

S = TypeVar("S", bound=Sarafu)

class Kiasi(Generic[S]):
    def __init__(self, sarafu: S, namba: int) -> None:
        self.sarafu = sarafu
        self.namba = namba

    def jumlisha(self, kingine: "Kiasi[S]") -> "Kiasi[S]":
        return Kiasi(self.sarafu, self.namba + kingine.namba)
```

Mfano huu unafanya kazi hadi leo. Lakini mtazame kijana anayeusoma peke yake kwenye simu. Anakutana na vitu viwili vya kuagiza kutoka `typing`, kisha `S` iliyotajwa mara mbili kwenye mstari mmoja, kisha `Generic` inayoonekana kama klasi mzazi ilhali haina urithi wowote wa maana kwake. Hajafika kwenye fedha bado, na amekwisha kuchoka. Aliye Mbeya mjini anaweza kumuuliza mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Aliye Kasumulu au Ipinda mara nyingi hana wa kumuuliza, kwa hiyo mfano mbaya unamuumiza zaidi.

Tangu toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, PEP 695 imeruhusu kuandika hivi:

```
class Kiasi[S: Sarafu]:
```

Sehemu nyingine ya klasi inabaki kama ilivyo. `TypeVar` na `Generic` zinaondoka, na sharti kwamba `S` lazima iwe sarafu linasomeka palepale lilipo. Fankisheni nazo huandikwa vivyo hivyo: `def wa_kwanza[T](orodha: list[T]) -> T:`.

Kama wewe ndiye unayehuisha nyaraka, anza na yaliyo rahisi. `List[int]` iwe `list[int]`, jambo linalokubalika tangu toleo la 3.9. `Optional[int]` iwe `int | None`, tangu 3.10. Haya hayana utata, na matoleo ya zamani kuliko 3.10 hayapewi tena marekebisho ya usalama. Kwenye PEP 695 ndipo pa kwenda polepole, maana huko kubadili maandishi kunaweza kubadili na maana.

Wengi hukwama kwanza kwenye alama za kunukuu. Katika mfano wetu, `"Kiasi[S]"` ndani ya `jumlisha` imewekwa kwenye nukuu kwa sababu klasi inajitaja yenyewe kabla haijakamilika kuundwa. Mtu akishaona mtindo mpya hudhani nukuu hizo nazo ni za kale, akazifuta. Kwenye 3.12 na 3.13 programu itaanguka kwa `NameError`. Ni toleo la 3.14, la Oktoba 2025, ndilo linaloahirisha kusoma maelezo hayo ya aina, na huko nukuu hazihitajiki tena. Ikiwa mfano wako unasema unahitaji 3.12, ziache.

Kuna jambo jingine linalojificha zaidi. Kwa mtindo wa zamani, `TypeVar` isiyo na maelezo ya ziada haibadilishani: tuseme kuna klasi nyingine ya jeneriki, `Risiti`; anayetaka `Risiti[Sarafu]` hakubali `Risiti[Shilingi]`, hata kama shilingi ni sarafu. Kwa mtindo mpya, mkaguzi anaamua mwenyewe kwa kuangalia jinsi klasi inavyoitumia `S`. Klasi inayoitoa tu thamani hiyo, bila kuipokea tena baada ya kuundwa, itakubaliwa. Kwa hiyo mfano ulioandikwa ili kumwonyesha msomaji kosa unaweza kuacha kuonyesha kosa, na maelezo yaliyo chini yake yakawa ya uongo. Mimi nauhesabu huu kuwa uharibifu mkubwa kuliko kuuacha mfano wa zamani mahali pake.

Angalia pia orodha za aina zilizoruhusiwa. `TypeVar("N", int, float)` inakuwa `[N: (int, float)]`, kwa mabano ya duara. Ukiandika `[N: int | float]` umeweka sharti jingine, na majibu ya mkaguzi yatatofautiana. Usichanganye pia mitindo miwili kwenye klasi moja. `class Kiasi[S](Generic[S])` inakataliwa na Python papo hapo. Na kabla ya kufuta mstari wa `S = TypeVar(...)`, hakikisha hakuna fankisheni nyingine kwenye faili ile inayoutegemea.

Programu iitwayo Ruff inaweza kukufanyia sehemu ya mabadiliko haya kwenye faili za Python, lakini mfano uliofungiwa ndani ya maelezo ya nyaraka usitegemee itauona. Unakili mfano mzima kwenye faili yake, uendeshe, kisha uupitishe kwa mypy. Halafu ujaribu kuuvunja kwa makusudi:

```
mauzo = Kiasi(Shilingi(), 5000)
malipo = Kiasi(Kwacha(), 5000)
mauzo.jumlisha(malipo)
```

Mypy isipolalamika kwenye mstari wa tatu, umepoteza kitu njiani. Mistari hii mitatu iache ndani ya nyaraka pia, pamoja na kusema wazi kwamba mkaguzi ataikataa. Msomaji hujifunza jeneriki hasa anapoona kile inachozuia.

Linabaki suala la kompyuta za wasomaji. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10, Debian 12 inakuja na 3.11, na zote mbili zitasoma `class Kiasi[S: Sarafu]` kama `SyntaxError`, faili nzima haitafunguka, hata mistari isiyo na jeneriki. Ubuntu 24.04 inakuja na 3.12, nayo haina tatizo. Juu ya kila mfano andika toleo la chini linalohitajika. Ikiwa wasomaji wako wengi wanatumia mashine za zamani, weka mfano mpya kwanza na ule wa zamani chini yake, kila mmoja na toleo lake, mpaka Oktoba 2027, wakati 3.11 itakapoacha kupewa marekebisho ya usalama.