Asitoke na Tumbo Tupu
Kijitabu cha afya kwa wazazi na walezi wa watoto wa shule ya msingi, Kata ya Mgwashi

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha kila nyumba yenye mtoto wa shule, kuanzia darasa la awali hadi la saba, awe analelewa na wazazi, bibi, shangazi au kaka yake.

NENO MOJA KABLA YA YOTE

Mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu.

KWA NINI TUNAANZA NA TUMBO, SI DAFTARI

Mzazi akiulizwa anamsaidiaje mtoto wake shuleni, hutaja sare, viatu, madaftari na michango. Vyote hivyo vina maana, lakini havifanyi kazi kwa mtoto mwenye njaa. Hebu tuhesabu saa. Mtoto aliyekula ugali jana saa 1 usiku, akaamka, akanawa uso, akashuka bondeni na kupanda kilima cha pili hadi shuleni, akaanza kipindi cha kwanza saa 2:00 asubuhi, amekwisha kaa saa 13 bila chakula kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni. Kama shuleni hakuna chakula cha mchana, naye akarudi nyumbani saa 9 alasiri, saa hizo zimefika 20. Hakuna mtu mzima anayeweza kulima matuta ya mlimani kwa saa hizo zote bila kutia kitu mdomoni. Mtoto tunamdai afanye hivyo siku tano za wiki, kisha akishika mkia tunasema ni mzito wa kichwa.

Matokeo yake tunayaona zahanati, tena ni yaleyale. Kichwa kinamuuma kila siku ifikapo saa 4. Tumbo linasokota. Anaona kizunguzungu mstarini, wengine huanguka. Mzazi anakuja akiomba dawa ya malaria, ya vidonda vya tumbo au ya minyoo, na wapo wanaokuwa wamekwisha pita kwa mganga kwa kuhofia mtoto kachezewa. Tunapima, na mara nyingi malaria haipo. Tukiuliza leo amekula nini, jibu ni chai. Chai na nini? Chai tu. Hapo hakuna kidonge cha kuandika. Dawa ilikuwa jikoni kwenu tangu alfajiri, na bei yake ni viazi viwili. Mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu.

CHAI YA RANGI SI CHAKULA

Hapa tunabishana na mazoea ya miaka mingi, maana milima yetu ya Usambara ni ya chai na baridi ya asubuhi inaidai. Hatumkatazi mtu chai. Tunachosema ni kwamba kikombe cha chai ya rangi ni maji ya moto, majani na sukari. Kinampa mtoto joto na kumdanganya tumbo mpaka afike shuleni, kisha njaa inarudi. Liko na jambo la pili ambalo wengi hawalijui: chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kupata madini ya kuongeza damu yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Mtoto anayekula maharage huku akiyasukumia na chai anapoteza sehemu ya faida yake. Asubuhi mpeni uji. Kama chai haina budi, iambatane na kiazi kitamu, gimbi, muhogo au ndizi ya kuchemsha, na mtoto ale hicho kwanza ndipo anywe. Wakati wa maharage na mboga, mpeni maji au tunda, chai isubiri.

USHAHIDI UPO

Msomaji anaweza kusema haya ni maneno ya watu wa afya tu. Tuangalie waliojaribu. Katika wilaya ya Embu nchini Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Kenya ambako watu wanalima mahindi na maharage kama sisi, watafiti walizigawa shule 12 katika mafungu kuanzia mwaka 1998. Watoto wa darasa la kwanza katika fungu moja walipewa makande matupu kila siku ya masomo, fungu la pili makande yenye nyama, la tatu makande na maziwa, na fungu la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula, hata waliokula makande matupu, waliongezeka uzito kuwazidi wasiopewa. Waliopata nyama ndani ya makande walipanda zaidi katika mitihani ya shule, na uwanjani walionekana wachangamfu kuliko wenzao. Huko Jamaica nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watoto wa shule za vijijini walipewa kifungua kinywa kwa mwaka mzima wa masomo, na wenzao wakapewa kipande cha chungwa tu. Waliopata kifungua kinywa walihudhuria zaidi, wakaongezeka kidogo kimo na uzito, na wale wa madarasa ya chini wakafanya vizuri zaidi kwenye hesabu.

Hapo atatokea mtu aseme: njaa ni ya mikoa ya ukame, Usambara haina njaa, kabichi na nyanya zetu zinalisha Dar es Salaam. Ni kweli zinalisha Dar es Salaam. Lakini kuwa na mazao shambani si sawa na kuwa na chakula kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayosifika kwa mavuno, ndiyo inayoongoza kwa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa: Iringa karibu 57 katika kila 100, Njombe na Rukwa karibu nusu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Mazao yanayopakiwa kwenye gari yakaisha yote, nyumba ikabaki na hela ya siku tatu, hayawezi kumlisha mtoto asubuhi ya siku ya nne.

WAZAZI WANASEMA, NASI TUNAJIBU

"Natoka kwenda shamba alfajiri, nani atapika?" Kipikeni jioni. Viazi, magimbi na ndizi vinachemshwa pamoja na chakula cha usiku, vinafunikwa, mtoto anavikuta asubuhi. Uji ukipikwa usiku ukatiwa kwenye chupa ya chai iliyosafishwa vizuri, asubuhi unamiminwa tu. Makande na maharage ya jana yasiliwe ya baridi. Yachemshwe mpaka yatokote, na yakinuka uchachu yamwagwe.

"Sina hela." Kifungua kinywa tunachokisema hakinunuliwi dukani. Hatusemi mkate, siagi wala soseji. Tunasema kiazi kilichochimbwa shambani kwenu, na parachichi lililoanguka chini ya mti wenu. Kabla gunia halijashonwa kwenda sokoni, tengeni la watoto. Yai la kuku wenu, angalau mara moja moja, lina faida zaidi tumboni mwa mtoto kuliko hela yake. Dagaa wachache waliosagwa na kutiwa kwenye makande wanafanana na ile nyama ya Embu kuliko mchuzi mtupu.

"Nampa hela ya kununua shuleni." Mfuateni siku moja mwone ananunua nini. Ni barafu ya rangi, ubuyu, pipi, na andazi moja akibahatika. Tena hela hiyo ananyang'anywa na wakubwa, au inadondoka njiani. Hela isichukue nafasi ya chakula. Kama mnampa, mpeni akiwa amekwisha kula.

"Mwenyewe hataki kula asubuhi." Mtoto anayeamshwa wenzake wamekwisha tangulia, akavalishwa huku anasinzia, hawezi kula. Alale mapema, aamshwe nusu saa kabla, achote maji au afagie uwanja kwanza. Njaa itamjia. Mwanzoni ataacha nusu kikombe, msikate tamaa.

"Sisi tulikua hivyohivyo na tukasoma." Mliofika mnaonekana, walioacha darasa la tatu kwa sababu hawakuelewa kitu hawaitwi kutoa ushahidi. Na anayesema hivyo ajiulize: angesoma mpaka wapi kama angekuwa ameshiba?

"Elimu ni bure, serikali iwalishe." Hili linastahili jibu kamili. Tangu mwaka 2016 michango ya lazima imefutwa kwenye shule za msingi za serikali, na hilo ni jambo kubwa. Lakini Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka huohuo ulitaja wazi yaliyobaki kwa mzazi: sare, vifaa vya kujifunzia, matibabu ya mtoto, na chakula kwa anayesoma kutwa. Mtu anaweza kuona haitoshi, na ana haki ya kulisema kwenye mkutano wa kijiji. Ila mabishano hayo hayamshibishi mtoto wa leo. Wakati watu wazima wanajadiliana, mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu.

SIKU YA DAWA ZA MINYOO

Siku hiyo ni siku ya kulisha kuliko zote. Dawa za minyoo, na hasa za kichocho mahali zinapotolewa, zikimezwa na mtoto mwenye njaa huleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mtoto mmoja akitapika, wa pili akaanguka, habari inashuka kijijini kwamba serikali imeleta sumu, na mwaka unaofuata wazazi wanawaficha watoto nyumbani na minyoo yao. Dawa ni nzuri. Ubaya ni kuimeza kabla ya kula. Mwalimu akitangaza siku ya dawa, mtoto ale ashibe kabla ya kutoka.

NJAA YA NJIANI NI HATARI

Mtoto aliyetoka bila kula anakula njiani, na njia zetu zinapita katikati ya mashamba ya mboga. Someni haya mara mbili:

- Nyanya, karoti na hoho zilizopuliziwa dawa jana zinang'aa na kuvutia kama zisizopuliziwa. Mtoto hajui tofauti. Mwenye shamba naye awaonye jirani kila anapopulizia.
- Chupa na makopo ya dawa za mboga yasibebee mtoto maji, uji wala chai, hata yakioshwa kwa sabuni mara kumi. Yatobolewe, yasitumike tena.
- Mtoto asitafune muhogo mbichi wa shambani. Muhogo mchungu una sumu.
- Asile uyoga wala matunda ya porini asiyoonyeshwa na mkubwa.
- Asinywe maji ya mfereji wa kumwagilia. Bomba za kupulizia zinaoshewa humo.
- Akitokwa na mate mengi, jasho, akitapika, akiishiwa nguvu baada ya kula kitu cha shambani, mkimbizeni zahanati na kile kibandiko au kopo la dawa. Msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa kukisia, na msimtapishe.

MAHINDI YENYE UKUNGU

Milima yetu ina ukungu na mvua, na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu. Mwaka 2016, watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Msiseme mahindi mabovu ni ya uji wa watoto. Mahindi na karanga zenye ukungu visiliwe na mtu yeyote.

CHAKULA CHA MCHANA SHULENI

Kifungua kinywa ni cha nyumbani. Cha mchana kinahitaji wazazi kukaa pamoja. Hesabu yake si ya kutisha. Mwaka wa masomo una siku 194. Tukikadiria gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kila siku, mwaka mzima ni kilo 23 na ushee za mahindi, yaani debe moja na kidogo, na maharage hayafiki kilo 6. Mzazi anaweza kuyatoa kwa awamu mbili, baada ya kila mavuno. Asiye na mahindi atoe kuni au zamu ya kupika. Kinachovunja mpango huu mara nyingi ni mashaka, watu kuhofia chakula chao kitaliwa na wengine. Dawa yake ni kamati ya wazazi inayopima magunia yanapoingia, inayoandika kinachopikwa kila siku, na kubandika hesabu ukutani. Na mtoto ambaye mzazi wake hajatoa asifukuzwe kwenye foleni; deni ni la mkubwa.

Chakula cha mchana kikiwepo, kifungua kinywa hakifutwi.

AKINA BABA

Hela ya kabichi ikiingia, chakula cha watoto kitoke kwanza.

MAMBO MENGINE, KWA KIFUPI

Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na atokapo chooni. Avae viatu, na funza watolewe kwa pini safi mara wanapoonekana. Kagueni daftari lake jioni, hata kama hamjui somo, tarehe mnaijua.

SI KILA KITU NI NJAA

Tumesisitiza njaa kwa sababu ndiyo inayosahauliwa, lakini msije mkamlisha mgonjwa mkamwacha nyumbani. Mleteni zahanati siku hiyohiyo mkiona mojawapo ya haya:

- homa, hasa kama amerudi kutoka mabondeni;
- damu kwenye mkojo au kinyesi;
- viganja na macho vimepauka;
- kizunguzungu au kuanguka hata akiwa ameshiba;
- anakunywa maji kupita kawaida na kukonda.

YA KUFANYA WIKI HII

Leo jioni, mnapopika, ongezeni viazi vya asubuhi. Siku ya gulio, tengeni la watoto kabla ya kuuza. Kikao cha wazazi kikiitwa, nendeni, na ulizeni lini mahindi ya shule yataanza kupokelewa. Na kesho, mtoto akisimama mlangoni na begi lake, muulizeni swali lile tunalouliza zahanati: amekula nini? Akijibu chai tu, arudi akae chini ale. Mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu.